Ndoa na familia ndani ya Katiba: maswali yenu

Maneno kwamba familia ndiyo msingi wa jamii yalitoka wapi? (Msomaji, Kisauni)

Mengi yametoka mbali. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 chaiita familia kitengo cha asili na cha msingi cha jamii. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilishasema karibu hivyo hivyo mwaka 1948. Na pale kifungu hicho kinapoiita familia msingi wa lazima wa utaratibu wa jamii, ukifungua Katiba ya Ireland ya 1937 utayakuta maneno yayo hayo. Lakini mimi naona kubwa zaidi ni lile tuliloachana nalo. Katiba ya zamani ilikataza ubaguzi, kisha ikaruhusu sheria za kibaguzi katika ndoa, talaka, mazishi na urithi. Mama zetu walizeeka hivyo. Leo mume na mke wana haki sawa wanapooana, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika.

Binti yangu wa miaka 17 ameposwa. Babake asema mahari ishapokelewa, basi. (Mama, Likoni)

Si basi, dada yangu. Kifungu cha 45 kimempa *mtu mzima* haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, kwa ridhaa ya wote wawili. Watu wakifika kwenye jinsia husimama hapo, ridhaa wakairuka! Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18 kwa kila ndoa, nikaha ikiwemo. Mahari hurudishwa. Nenda ofisi ya watoto, au piga 116, ni bure. Usingoje siku ya harusi.

Sisi Waislamu tuko chini ya Katiba au chini ya kadhi? (Msomaji, Majengo)

Kadhi mwenyewe yumo ndani ya Katiba, kifungu cha 170. Ni ahadi ya kudumisha kadhi iliyotolewa Oktoba 1963, Jomo Kenyatta alipoandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kuhusu mwambao wetu wa maili kumi, ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mahakama ya kadhi husikiza ndoa, talaka na urithi, wahusika wote wakiwa Waislamu na wakikubali kufika mbele yake. Kifungu cha 24 chalegeza masharti ya usawa kwa ajili hiyo, kwa kiasi cha lazima tu.

Nikaha yetu ilisomwa nyumbani, hatuna cheti. Kuna tabu? (Bibi, Mji wa Kale)

Ipo, na humwangukia mjane. Mume akishazikwa na ndugu wakaanza kuulizia nyumba, la kwanza kutakiwa ni cheti. Sheria ya 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe. Nendeni nyote wawili kwa msajili wa ndoa za Kiislamu, na vitambulisho, walii na mashahidi wenu wawili, maadamu wangali hai.