Kushuka njia za mawe kwa baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma

Ndugu, umesema ukishuka vijia vya mawe kule Lushoto gurudumu la nyuma linarukaruka na unahofia kupinduka kwa mbele. Baiskeli yako haina kosa. Shokapu ikiwa mbele tu, ya nyuma ni magoti na viwiko vyako, kwa hiyo usivikaze.

Shusha kiti kabla ya mteremko. Simama juu ya pedali zikiwa usawa, visigino chini, nyonga nyuma kidogo. Kidogo tu! Wengi hurudi nyuma mno, gurudumu la mbele likakosa uzito na kuteleza kwenye kona. Macho yawe mita kadhaa mbele, si kwenye jiwe unalolikanyaga.

Breki ishike kwa kidole kimoja kila mkono. Punguza mwendo kabla ya mawe, kisha achia upite. Kuibana ghafla katikati ndiko kunakopindua watu.

Upepo wa tairi punguza kiasi. Kama lina tyubu usiupunguze mno, rimu itagonga jiwe upate pancha.

Usipopaamini, shuka utembee. Mimi hufanya hivyo mpaka leo. Helmeti ni lazima. Ukigonga kichwa ukaona kizunguzungu au ukatapika, nenda hospitali mara moja.