Kabla ya kutafuta faji, mjue anayemuua kuku

Mgeni akipokelewa maabara, swali lake la kwanza huwa ni wapi tunapata faji, yaani virusi vya kuua bakteria tunavyojaribu kutibia kuku. Hilo ni jepesi, Dar es Salaam ina faji tele. Linalotukalisha mezani siku nzima ni lingine: kuku huyu kafa kwa nini?

Faji, kwa jina kamili bakteriofaji, ni virusi vinavyoshambulia bakteria peke yake, tena kwa kuchagua mno. Faji inayoangamiza Salmonella inaweza kumpita E. koli bila kumgusa, na hata kati ya Salmonella wenyewe inaweza kuwaua wa banda la Chanika ikawaacha wa Mbagala. Mfugaji akiwapa kuku antibiotiki kama oksitetrasaiklini bila kujua ugonjwa, huenda akabahatisha. Kwa faji hakuna kubahatisha.

Basi anza na mzoga. Mfugaji atakuletea kuku kwenye mfuko na kusema, "Wanaharisha kijani, ni kideri." Huenda ni kweli. Lakini taifodi ya kuku, inayoletwa na Salmonella Gallinarum, nayo huleta harisho la manjano linaloelekea kijani. Kideri ni ugonjwa wa kirusi, na faji haitamsaidia kitu kuku mwenye kideri. Pasua utazame. Ini la taifodi huvimba na mara nyingi hugeuka rangi ya shaba, E. koli mara nyingi huacha utando mweupe juu ya moyo na ini. Hata hivyo macho hayatoshi: chukua sampuli ya ini na uboho, otesha bakteria kwenye sahani ya maabara, thibitisha. Penye shaka, wataalamu wa TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wapo Temeke. Muulize mfugaji pia amewapa dawa gani, kwa sababu wengi huanzia duka la pembejeo, na bakteria waliokwisha kupigwa na dawa huenda wasiote kabisa kwenye sahani. Uliza kwa upole. Mama aliyepoteza nusu ya banda hajaja kukaripiwa.

Ukishampata bakteria, faji yake itafute anakoishi: kinyesi cha kuku, maji ya machinjioni, mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti. Changanya sampuli na mchuzi wa kuoteshea wenye bakteria wako, acha usiku kucha, zungusha kwenye mashine, kisha chuja kwa filta ya mikroni 0.22, inayozuia bakteria na kupitisha faji. Kinachopita ukizimue hatua kwa hatua, ukichanganye na bakteria katika agari laini (agari ni ute wa kuoteshea bakteria), ukimwage juu ya agari ngumu. Agari laini iwe kwenye nyuzi 45 hadi 50 hivi: ikizidi unawaunguza bakteria, ikipungua inaganda mabonge mkononi. Kesho yake faji huonekana kama madoa maangavu kwenye zulia la bakteria.

Hapo wanaoanza hufurahi, na mimi hufurahi nao, lakini tazameni madoa vizuri. Doa lenye ukungu katikati mara nyingi ni la faji inayojificha ndani ya bakteria badala ya kumpasua, na faji ya namna hiyo inaweza kuhamisha jeni za sumu au za usugu wa dawa. Iacheni. Yenye doa safi nayo isafisheni kutoka doa moja moja, mara tatu mfululizo, kisha jenomu yake, yaani jeni zake zote, isomwe kabla ya kumkaribia kuku. Hifadhini nakala kwenye friji mbili zilizo sehemu tofauti, maana umeme wetu mnaujua.

Msitegemee faji moja. Chupa ya bakteria iliyotiwa faji ikang'aa mchana inaweza kuwa na ukungu tena asubuhi: waliokuwa sugu wamezaliana. Ndiyo maana tunachanganya faji kadhaa zinazoshika sehemu tofauti za ukuta wa bakteria, na kila moja tunaijaribu kwa bakteria wa mabanda mengi.

Na sahani si kuku. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2007 jaribio la kuku wa nyama: faji zilipunguza sana aina mbili za Salmonella, Enteritidis na Typhimurium, matumboni, lakini aina ya tatu, Hadar, hakupungua, ingawa faji yake ilikuwa ikimuua vizuri maabara. Kuku ana asidi kwenye tumbo la mbele ya firigisi, na faji nyingi hufia hapo. Wengine huwapa kuku kitu cha kutuliza asidi kwanza, wengine huifungia faji ndani ya vidonge vidogo sana.

Maji ya kunywa, ambamo tunatia faji, ni mtego mwingine. Klorini ya maji ya bomba huua faji kama inavyoharibu chanjo ya maji, kwa hiyo tumieni maji yasiyo na klorini. Mwambieni mfugaji asitie siki wala dawa ya kuua vijidudu siku hiyo. Toeni asubuhi, vyombo vikiwa kivulini, kuku wakiwa na kiu.

Kazi hii ni kongwe kuliko antibiotiki. Félix d'Hérelle, mmoja wa wagunduzi wa faji, aliijaribu kwa kuku wenye taifodi huko Ufaransa mwaka 1919, kabla hajamtibu binadamu. Usugu wa dawa ndio unaoturudisha kwake.

Mfugaji akishaona matokeo atataka kununua chupa. Msimuuzie. Dawa za mifugo nchini husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na faji ya majaribio huingia bandani kwa kibali cha utafiti na ridhaa yake mwenyewe. Tengeni pia kuku wa kulinganisha wasiopewa faji, katika banda lao na kwa chombo chao cha maji. Bila hao hamtajua kama vifo vimepungua kwa faji au ugonjwa umejiishia wenyewe.