Kabla hujamchora ng'ombe nenda kamwangalie: niliyojifunza kwa Rosa Bonheur

Wadogo zangu mnaoanza kuchora, hasa nyie mnaotaka kuchora wanyama, kabla hamjakimbilia kununua rangi za bei mbaya naomba niwape kisa changu kwanza. Miaka ile naanza nilipata mteja, mzee mmoja mfugaji, katoa na advansi kabisa, anataka picha ya ng'ombe ya kuweka sebuleni. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta picha tatu nne, nikachanganya, nikamchora ng'ombe anaamka asubuhi, miguu ya mbele keshainyanyua, nyuma bado kakaa chini, jua linachomoza kwa mbali, yaani mwenyewe nikajiona fundi. Mzee kaja, nikamwamkia shikamoo, kaitikia, kaiangalia picha kimya muda mrefu tu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni ng'ombe au punda?"

Nikadhani utani. Kumbe ng'ombe akiamka anaanza kunyanyua nyuma, mbele bado kapiga magoti, ndo anamalizia na miguu ya mbele. Wanaoanza mbele ni farasi na punda. Miaka yote hiyo nimekula nyama na kunywa maziwa, na sijawahi kumwona ng'ombe akiamka! Advansi nikarudisha.

Ndo kipindi hichohicho nikaanza kusoma habari za huyu mama wa Kifaransa, mchoraji wa wanyama, Rosa Bonheur, na nikaona aibu zaidi. Kazaliwa Bordeaux mwaka 1822, baba yake mchoraji, pesa za mawazo. Utotoni mtukutu kweli, shule zilikuwa hazimkai, kusoma kwenyewe kulikuwa kugumu mpaka mama yake akabuni mbinu, kila herufi achore mnyama mmoja. Mama akafariki 1833, Rosa ana miaka 11. Wakampeleka akajifunze ushonaji, nao ukamshinda, mwisho baba akaona isiwe tabu, akamfundisha kuchora mwenyewe na kumpeleka Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, akanakili kazi za wakubwa. Chuo kikubwa cha sanaa cha Paris, École des Beaux-Arts, kilikuwa hakichukui wanawake, kimekuja kuwafungulia mlango 1897 Rosa ana miaka 75, keshakuwa maarufu dunia nzima. Kwa hiyo wewe unayeniambia huwezi kuanza kwa sababu hujapata nafasi chuoni, mi nakusikiliza lakini sikuonei huruma sana.

Sasa alijifunzaje? Alienda waliko. Alienda machinjioni, huko kwenye damu na harufu, akaangalia mnyama akipasuliwa ili ajue mfupa wa bega unakaa wapi na msuli unashikia wapi. Nyumbani kwao Paris, ghorofani, walifuga kondoo, na inasimuliwa kaka yake alikuwa anambeba mabegani kumshusha ngazi zote akale majani halafu anampandisha tena. Hebu fikiria majirani. Akiwa na miaka 19, mwaka 1841, akapeleka kazi kwenye Salon, yale maonyesho makubwa ya Paris, na moja ya picha zenyewe ilikuwa sungura wanatafuna karoti. Sungura! Hakuanza na simba. Nawaambia hivi kwa sababu kila kijana anayekuja kwangu anataka kuanza na simba ananguruma, na simba mwenyewe hajawahi kumwona, wakati kuku wanapita hapo mlangoni kutwa nzima.

Mwaka 1849 akatoa ile picha ya ng'ombe wanalima, *Labourage nivernais*, serikali ndo ilimpa tenda, sasa hivi iko Musée d'Orsay, makumbusho mengine ya Paris. Itafuteni muikuze. Ng'ombe wako kumi na mbili, makundi mawili ya sita sita, wanavuta plau, na watu wamo lakini huwakumbuki. Angalia udongo uliopinduliwa pale mbele, mabonge kabisa, unahisi ukikanyaga utazama. Halafu angalia jicho la yule ng'ombe mweupe anayekugeukia, anakutazama kama mtu aliyechoka na anajua bado kuna mistari mingi ya kulima. Jicho kama lile hulipati kwenye simu.

Ila kazi iliyomtoa ni soko la farasi, *The Horse Fair* kwa jina lake la Kiingereza. Soko lilikuwa Paris, Boulevard de l'Hôpital, na Rosa alikwenda kuchora pale mara mbili kwa wiki kwa mwaka na nusu. Piga hesabu mwenyewe, hapo ni safari zaidi ya mia moja kwa ajili ya picha moja. Na pale palikuwa pa wanaume tu, madalali, wapanda farasi, matusi, mateke, mwanamke mwenye gauni refu asingemaliza hata saa. Akavaa suruali. Ila Paris kulikuwa na amri ya tangu 1800, mwanamke akitaka kuvaa nguo za kiume lazima apate kibali cha polisi, kwa sababu za kiafya, na daktari asaini. Kibali chake cha 1857 kipo mpaka leo, cha miezi sita sita, unakwenda kukihuisha kama leseni ya biashara, na kinamkataza kuingia na nguo hizo kwenye maonyesho ya jukwaani, kwenye dansi na sehemu zingine za hadhara. (Hiyo amri Wafaransa wamekuja kutangaza rasmi kwamba haina nguvu tena mwaka 2013, msicheke.) Watu wanapenda kuikuza hii stori ya suruali, lakini kwake zilikuwa nguo za kazi, kama ovaroli ya fundi makenika.

Mimi hakuna aliyenidai kibali nilipoanza kwenda mnada wa ng'ombe wa Pugu, Dar es Salaam, ila siku ya kwanza nilienda na sketi na ndala, yaliyonikuta nayajua mwenyewe. Sasa navaa buti za mvua na suruali nzito. Na msisimame nyuma ya mnyama, na muwasalimie wenye ng'ombe kwanza, muwaeleze mnachofanya, maana ukianza kutazama mifugo ya mtu na kuandika andika kwenye daftari bila salamu atadhani wewe mtu wa ushuru. Daftari liwe dogo lenye jalada gumu, penseli fupi, ufutio achia nyumbani. Ng'ombe hakai mkao, utapata mstari mmoja wa mgongo kabla hajageuka, basi chora huo, kesho utapata mguu.

Tuje kwenye hela maana najua mnasubiri. Soko la farasi likaonyeshwa Salon 1853, turubai lina upana wa mita tano na zaidi na kimo karibu mita mbili na nusu, watu wakachanganyikiwa. Na bado Rosa hakuridhika, akairudia, kaja kuimaliza 1855. Akainunua dalali wa London, Ernest Gambart, kwa faranga 40,000, na huyu jamaa alikuwa mjanja, akaizungusha Uingereza, Malkia Victoria mwenyewe akaiona, halafu akatengeneza nakala za kuchapa. Ili mchongaji wa nakala apate kitu kidogo cha kufanyia kazi ikachorwa picha ndogo, akaianza Nathalie Micas, mwenza wake Rosa aliyeishi naye mpaka Nathalie alipofariki 1889, Rosa akamalizia. Hiyo ndogo iko National Gallery ya London, na ile kubwa bilionea wa Kimarekani, Vanderbilt, aliipa makumbusho ya Metropolitan, New York, 1887. Ila mtu wa kawaida asiye na ukuta wa mita tano alinunua nakala ya karatasi, na hapo ndo jina lilipoenea. Kwa hiyo usione haya kuuza printi. Na ukipata mtu wa kukusimamia mauzo anayejua kazi yake, mpe chake, usimzunguke.

Kwa hela hizo akanunua jumba kijiji cha By, karibu na msitu wa Fontainebleau, akahamia 1860, akajaza wanyama mpaka simba. Hapo sasa simba akamchora, kwa sababu alikuwa naye uani. Mwaka 1865 mke wa mfalme, Eugénie, akamletea nishani ya Légion d'honneur, na hakuna msanii wa kike aliyewahi kuipata kabla yake. Amefariki 1899.

Mimi sina jumba, nina banda la mabati. Yule mzee nilimpelekea picha nyingine baada ya miezi minane ya Pugu, bure, bila kuambiwa. Ng'ombe anaamka, makalio juu, magoti chini, vumbi. Akavaa miwani, akaisogelea, akasema magoti sasa yamekaa, kwato nazo si mbaya, ila ng'ombe wa wapi huyo mwenye mkia mfupi namna hiyo.