Taa ya injini kuwaka na kuzimika: anza na betri

Ndugu yangu wa Wete, umesema asubuhi gari inalia tik-tik tu, na taa ya injini inawaka na kuzimika. Tafadhali usikimbilie kununua sensa, vile vipima-hali vya injini. Pima betri kabla hujawasha: volti 12.6 imejaa, chini ya 12 haina chaji. Injini ikiunguruma isome 13.8 hadi 14.5; isipopanda, tazama alternata, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka.

Ila sisi wa pwani, mimi hushuku kutu kwanza. Zima gari, fungua terminali, yaani vishikio vya waya kwenye betri, ya hasi (−) mwanzo. Ukiona unga wa kijani au mweupe, mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua, kausha, paka grisi. Fuata na waya mnene wa hasi mpaka unapofungwa kwa nati kwenye bodi ya gari. Chumvi hujificha chini ya nati ile, juu unaona safi kabisa. Gari yangu ilinihangaisha wiki mbili kwa nati hiyo moja.