Barua kwa Mwanangu: Bomu Lililomrudisha Babu

Mwanangu Mwende,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema shangazi yako alikusimulia jinsi Babu alivyocheza ngoma usiku kucha Japani iliposalimu amri mwaka 1945. Sasa unaniuliza: ikiwa bomu la atomiki ndilo lililomrudisha Machakos akiwa hai, mimi na wewe tuna haki gani ya kulilaani?

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipigana Burma, bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, na Agosti ile wenzake na yeye walikuwa India wakingoja amri. Kwa hivyo wanaolitetea bomu siwadharau. Vita vya kisiwa cha Okinawa, Japani, peke yake vilikuwa vimeua watu zaidi ya 150,000, na mzazi yeyote aliyekuwa na mwana vitani alitaka yaishe, kwa vyovyote vile.

Lakini hebu itazame ile asubuhi ya tarehe 6 Agosti, Marekani ilipoudondoshea bomu mji wa Hiroshima, Japani. Saa mbili na robo, maelfu ya watoto wa shule walikuwa nje Hiroshima, wakiondoa vifusi vya nyumba zilizobomolewa ili moto wa mabomu usipate pa kupitia. Katika makumbusho ya mji huo kuna kopo la chakula la mwanafunzi mmoja. Chakula cha mchana kimo bado, kimekuwa makaa. Truman, rais wa Marekani, aliitaja Hiroshima redioni kuwa kambi ya jeshi. Makao ya jeshi yalikuwapo, ni kweli, ila shabaha waliyolenga ni daraja la katikati ya mji. Mwaka ulipokwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mji wa Kyoto nao ulikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa, na Stimson, waziri wa vita wa Marekani, akakataza katakata usiguswe. Alikuwa ameutembelea mji huo, akajua thamani yake. Hiroshima haikuwa na wa kuisemea. Siku tatu baadaye ndege ya pili ilielekea Kokura, ikakuta mawingu na moshi, ikageukia Nagasaki. Wingu likaamua nani afe! Tena Warusi walikuwa wamekwisha kuitangazia Japani vita siku moja kabla. Anayelitetea bomu la kwanza nitamsikiliza. La pili sijapata wa kunieleza nikaelewa. (Na urani yenyewe, madini ya kutengenezea mabomu hayo, nyingi yake ilitoka Shinkolobwe, Kongo, ikachimbwa na Waafrika ambao hakuna aliyewaambia ni ya kazi gani.)

Wewe ulikuwa mdogo mwaka 1998, hukumbuki. Tarehe 7 Agosti, Ijumaa, nilikuwa kazini ghorofa ya nne karibu na barabara ya Haile Selassie, Nairobi, si mbali na ubalozi wa Marekani. Tulisikia mlio mdogo kwanza, watu wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu nilikuwa nashikilia simu. Kisha kishindo. Kioo kilikuja kama mvua ya mawe. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa bado na kikombe cha chai mkononi, akiniuliza mbona taa zimezimika. Taa hazikuwa zimezimika, mwanangu. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo, wengi wao Wakenya wenzetu wasio na ugomvi na yeyote. Aliyeulipua ubalozi ule naye alikuwa na hesabu yake, na katika hesabu hiyo sisi hatukuwa watu. Sisemi vita vile na ugaidi ni kitu kimoja. Nasema najua kukaa upande ule wa dirisha, na tangu hapo siwezi kukubali kwamba uhai wangu ulipiwe kwa mtoto mwenye kopo la chakula. Kama bomu ndilo lililotuleta duniani, bado lilikuwa kosa. Nayashika yote mawili, ingawa yananilemea.

Jioni ya Jumapili Babu alishuka kutoka Machakos kwa matatu, akanikuta nimefungwa bendeji mkononi. Alikaa kitandani kwangu bila kuvua koti. Akaniuliza, "Walikuwa wamesimama dirishani?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema polepole, "Sisi tulicheza ngoma."

Shangazi yako aliisikia hadithi ile kabla ya siku hiyo. Baada yake Babu hakuisimulia tena.

Baba yako