Maswali na Majibu: Sinki la Waridi Libaki au Ling'olewe?

Mvua zimekwisha, mafundi wa Tabora wamerudi kazini, na barua nyingi nilizopokea mwezi huu zinahusu mabafu. Nimechagua tano.

Nimenunua nyumba ya zamani. Sinki la choo na beseni la kunawia ni vya rangi ya waridi, na fundi anasisitiza ving'olewe kwa kuwa vimepitwa na wakati. Nifanyeje? (Mwalimu mstaafu, Cheyo)

Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu mtindo fundi wako amesema kweli, ila haraka yake siielewi. Rangi ya waridi ilivuma katika mabafu ya Marekani miaka ya 1950, na wengi huihusisha na Mamie Eisenhower, mke wa Rais Dwight Eisenhower, aliyeipenda mno rangi hiyo. Miaka ya 1970 ikawa zamu ya kijani cha parachichi, kisha nyeupe ikarudi na kuzifukuza zote mbili. Kauri haiozi, kwa hiyo beseni lako, maadamu halina ufa, lina miaka mingi ya kuishi, na mimi binafsi ningeliacha mahali pake na kupaka ukuta rangi nyeupe.

Choo ni habari nyingine, na hapo ningekuomba ulisahau suala la rangi ulitazame tangi. Funga koki, vuta maji mara moja, kisha ujaze tangi kwa chombo unachokijua kipimo chake, ukihesabu. Vyoo vingi vya zamani humeza lita 9 hadi 13 kwa kila mvuto, ilhali vya leo vyenye vitufe viwili hutumia takriban lita 6 kwa haja kubwa na 3 kwa haja ndogo. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akienda mara tano kwa siku, huvuta maji mara 30. Kwa lita 13 hizo ni lita 390, na tangi la akiba la nyumba la lita 1,000 litakauka siku ya tatu kabla hata hamjahesabu maji ya kupikia na kufulia. Kwa choo cha vitufe viwili, ikiwa kila mtu atabonyeza kitufe kikubwa mara moja na kidogo mara nne, mtatumia lita 108. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini kwetu, tunashukuru, lakini ankara nayo hufika.

Onyo moja: usikubali kubadilishiwa tangi peke yake. Sinki lililoundwa kusukumwa na maji mengi mara nyingi halisafiki kwa maji machache, nawe utajikuta unavuta mara mbili na kupoteza kile ulichotaka kuokoa.

Kijana wangu wa Dar es Salaam anataka niweke jakuzi katika bafu la chumba changu. Je, bado ni fasheni? (Baba wa Ipuli)

Mzee wangu, jakuzi ilipata jina kutokana na ukoo wa Wataliano waliohamia California, ambao kabla ya hapo walijulikana kwa kutengeneza pampu za maji. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi wa ukoo huo alitoa hodhi la kuogea lenye pampu ndani yake, na kwa miongo kadhaa likawa alama ya utajiri. Leo hata huko lilikotoka wenye nyumba wengi huling'oa ili wapate nafasi ya bomba la mvua, kwa sababu linakula maji, linakula umeme, na mabomba yake hubakiza maji yanayozalisha utelezi na vijidudu usipoyasafisha mara kwa mara.

Niliwahi kuingia katika nyumba moja hapa mjini iliyokuwa na hodhi kubwa la namna hiyo, jeupe, lenye matundu ya shaba. Lilikuwa limejazwa maji hadi ukingoni na kufunikwa kwa ubao wa mninga, juu ya ubao kuna kopo la plastiki, na pembeni yake ndoo ambayo familia nzima huogea. Mama mwenye nyumba aliniambia kwamba pampu haijawahi kuwashwa tangu siku fundi alipoijaribu. Kama mnataka akiba ya maji, mzee wangu, tangi la plastiki juu ya mnara litawatosha kwa bei ndogo zaidi.

Marumaru zinazong'aa kama kioo zimepitwa? (Msomaji, Isevya)

Kwa sebule, ni hiari yako. Kwa sakafu ya bafu, hazikupaswa kuingia hata siku zilipokuwa fasheni, hasa nyumba ikiwa na bibi au mjamzito. Dukani mwombe muuzaji amwage maji juu ya kigae, nawe ukikanyage kwa mguu mtupu kabla hujalipa. Hakikisha pia fundi ameinamisha sakafu kuelekea tundu la maji, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kwani hata kigae chenye mikwaruzo huteleza maji yakituama.

Dari la jasi lenye taa za rangi bafuni limeota madoa meusi. Nilipake rangi upya? (Mama wa Kanyenye)

Hapana, dada yangu. Hayo ni kuvu, nayo yatapenya rangi mpya baada ya muda si mrefu, kwa kuwa jasi ya kawaida hunyonya mvuke na haina pa kuutolea. Liondoe, weka mbao za plastiki za dari, na uongeze dirisha la luva lililo juu, linalobaki wazi. Zile ngazi za jasi za darini na taa za buluu nazo, kwa maoni yangu, ziliifanya kila nyumba ifanane na ukumbi wa harusi.

Binti yangu anasema choo cha kuchuchumaa ni ushamba, na seti ya vizulia vya manyoya ndiyo heshima. (Bibi wa Ng'ambo)

Shikamoo, Bibi. Choo cha kuchuchumaa kinatosheka na maji ya kopo, mwili wa mtumiaji haugusi kitu, na mkao wake husaidia haja itoke kwa wepesi. Kiacheni kwa wageni. Ila magoti yako yakianza kulalamika, kubali kujengewa kimoja cha kukaa chenye kishikio ukutani, wala usione haya. Waingereza waliwahi kutandika mazulia mabafuni mwao miaka ya 1970, wakaja kuyang'oa kwa harufu na unyevu. Kile kizulia cha kuvishwa mfuniko wa choo kitupeni. Cha kukanyagia kibaki, mkifue kila wiki na kukianika juani mpaka kikauke kabisa upande wa chini.