Maswali ya Wasomaji: Gugumaji la bustanini nilitupe wapi?

SWALI: Kwa Mhariri. Miaka miwili iliyopita nilinunua kwa muuza miche wa kando ya barabara mmea wenye maua ya zambarau, nikautia katika kidimbwi cha bustani yangu pamoja na samaki wa mapambo. Sasa umefunika maji yote. Kijana anayenisaidia bustanini anataka kuutupa mtoni pamoja na samaki hao, lakini jirani ananionya kwamba nitashtakiwa. Je, ni kweli?
Mama wa Lang'ata, Nairobi

JIBU: Mama, jirani amekuambia ukweli, nami nakusihi umzuie kijana huyo leo hii. Mmea unaoueleza ni gugumaji. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinamkataza mtu yeyote, asipokuwa na idhini ya maandishi, kuingiza mnyama katika mto, ziwa au ardhioevu, au kuingiza humo sehemu yoyote ya mmea, uwe wa kigeni au wa kienyeji, uwe hai au umekufa. Adhabu ya jumla ya sheria hiyo, baada ya marekebisho ya mwaka 2015, ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Bila shaka unaikumbuka: ndiyo iliyotajwa mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017.

Ukitaka kujua kwa nini sheria inasema "sehemu yoyote", inua mmea mmoja uutazame ubavuni. Utaona kikonyo kilichotambaa, na nchani mwake mche mchanga wenye mizizi yake mwenyewe. Kikonyo kikikatika, mche huo hujitegemea, na katika maji yenye joto na rutuba, kama ya mito yetu inayobeba maji taka, gugu laweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbegu zake hukaa katika tope miaka mingi zikiwa hai. Wewe unaishi karibu na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo watu waliwahi kuendeshea mashua za tanga. Naumia kila ninapolikumbuka jinsi gugu hili lilivyolifunika. Kinachoingia Mto Ngong, unaotoka kwenye bwawa hilo, hufika Mto Nairobi, kisha Athi, mto unaokwenda hadi Bahari ya Hindi.

Samaki nao wasiachiliwe, hata kwa huruma. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani walipelekwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wakaiharibu mimea ya majini kwa kiasi kikubwa. Mrudishie muuzaji samaki hao, au umpe mfugaji mwingine mwenye tangi.

Gugu litoe kabla halijachanua tena, ulianike juani kwenye sakafu ya saruji, mbali na mtaro, hadi mabua yake yaliyofura kama sifongo yavunjike kwa kidole. Kisha lichomwe au lifukiwe pakavu. Ndoo na wavu visuuzwe juu ya udongo wa bustani, na maji ya kidimbwi yamwagwe papo hapo, wala si mtaroni.